Baada ya semina, nani anarudi darasani?

Katika ofisi za walimu za shule zetu za msingi, chini ya maandalio ya masomo na madaftari ya mahudhurio, kuna rundo la moduli, vijitabu vya semina za walimu. Moduli ya ufundishaji shirikishi, moduli ya stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), moduli ya upimaji, moduli ya kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira. Nyingine ni za miaka zaidi ya kumi iliyopita na kurasa zake bado hazijakunjwa. Waulize walimu habari za semina zilikotoka moduli hizo, watakueleza vizuri: ilifanyika kituo gani, nani aliwezesha, walilala wapi, posho ilichelewa kiasi gani. Waulize ni kitu gani wanakifanya leo darasani ambacho hawakukifanya kabla ya semina, mazungumzo yanapungua.

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuwasaidia walimu wenzangu kujifunza mbinu mpya. Nimesikia maelezo ya kila aina kuhusu kwa nini mbinu hizo haziwafikii watoto. Linalosemwa zaidi, hasa na watu walio mbali na chaki, ni kwamba walimu ni wavivu au ni wagumu kubadilika. Silikubali. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto mia na zaidi, katika chumba kilichokusudiwa watoto arobaini na watano, akawatuliza, akawafundisha, akasahihisha madaftari yao, huyo si mvivu. Tunampa maneno, tunampa cheti, kisha tunamwacha peke yake saa ileile anapohitaji mtu. Hapo ndipo mbinu inapofia.

Jambo hili haliingii akilini kwa maneno ya jumla, kwa hiyo nitaeleza la darasa la kwanza, ninalolijua.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania ulibadilishwa ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika kusoma, mwalimu alitakiwa kuanza na sauti za herufi. Mtoto aijue sauti ya m, aijue sauti ya a, aziunganishe mwenyewe apate "ma", ndipo aende kwenye neno. Wengi wetu tulifundishwa, na baadaye tukafundisha, kwa chati ya silabi: mwalimu anagusa kwa fimbo, darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu". Haukupita muda, Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza na watoto wakamiminika darasa la kwanza. Walimu walikuwa wameombwa wabadili namna yao ya kufundisha kusoma wakati uleule madarasa yanafurika.

Kuna mwalimu mmoja wa darasa la kwanza niliyefanya naye kazi katika kipindi hicho. Ni mtu mzima, amefundisha tangu mimi niko shule, na wazazi wa baadhi ya watoto wake aliwafundisha yeye mwenyewe. Nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikia marahaba na kunipa kiti nyuma ya darasa. Watoto waliimba chati yote bila kukosea. Sauti zao zilijaza jengo zima. Mgeni asiyejua angesema darasa hili linasoma.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe nikamwuliza kuhusu semina ya sauti za herufi. Hakuficha. "Mwanangu, ile niliisikia yote, nikaiandika yote. Nikarudi nikaijaribu. Watoto wakapiga kelele, azimio la kazi likanipita, Mwalimu Mkuu akaniuliza mbona niko nyuma. Nikarudi kwenye chati yangu. Kwenye chati wananisikiliza."

Maneno hayo yamebeba karibu kila kitu ninachokijua kuhusu walimu na mbinu mpya. Alikuwa ameelewa. Alikuwa amejaribu, jambo ambalo fomu ya tathmini ya semina hailiulizi. Alipojaribu, mambo yakaharibika kwanza, kama yanavyoharibika kwa kila mtu anayejifunza kazi mpya mbele ya watu, na siku hizo hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba kelele zile ni za kawaida na zitapungua, au kumwonyesha sehemu gani airekebishe. Aliyekuwepo ni aliyemwuliza kwa nini yuko nyuma ya azimio, yaani mpango wa mada za muhula.

Sikumwambia kwamba chati ni mbaya. Nilimwomba tuwaite watoto watano, yeye mwenyewe awachague, na awagusie silabi kwenye chati bila kufuata mpangilio: "bo" kwanza, halafu "mi", halafu "ke". Alichagua watoto anaowaamini. Watatu kati yao, kila walipogusiwa silabi ya katikati, walianza kuimba mstari kutoka mwanzo kwa sauti ya chini mpaka waifikie. Mmoja alitazama uso wa mwalimu badala ya ubao. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa wananiimbia tu."

Hilo alilisema yeye, na ndiyo sababu liliingia. Ningelisema mimi, ningekuwa kijana wa ofisini aliyekuja kumweleza mzee kazi yake. Heshima ya umri katika kazi hii haitajwi katika miongozo, lakini iko katika kila ziara. Mwezeshaji akiwa mdogo kuliko mwalimu, anaingia darasani akiwa na mamlaka ya karatasi mbele ya mtu mwenye mamlaka ya miaka. Njia niliyoona inafaa ni kuwatazama watoto pamoja. Watoto wakiwa katikati yetu, hakuna anayemsahihisha mwenzake. Sote wawili tunashangaa jambo moja na kutafuta la kufanya.

Tulikubaliana abadilishe dakika kumi tu. Chati ibaki, nyimbo zibaki, lakini dakika kumi za mwanzo wa kipindi ziwe za sauti: herufi chache kwenye kadi kubwa zilizokatwa kutoka maboksi ya sabuni, watoto watamke sauti, mwalimu azisogeze kadi pamoja, watoto waunganishe. Siku ya kwanza nilifundisha mimi dakika hizo, naye akakaa nyuma akiwaangalia watoto wake. Siku nyingine tulifundisha pamoja. Kisha akafundisha yeye, mimi nikakaa nyuma, na baadaye nikawa napita mara mojamoja. Nilikwenda pia kwa Mwalimu Mkuu, nikamwomba amwache mwalimu huyu awe nyuma ya azimio kwa muhula mmoja bila kuulizwa. Alikubali. Nasema kwa uhakika kwamba bila kikao hicho kifupi na Mwalimu Mkuu, zile kadi zingeishia kabatini pamoja na moduli.

Siku moja akawa na herufi nne ubaoni: a, i, l, m. Aliandika "lima", akafuta, akaandika "mali", akafuta, akaandika "mila". Herufi zilezile, maneno matatu. Mtoto wa dawati la nyuma, ambaye mwalimu alikuwa amekwisha kumweka moyoni katika kundi la wasioweza, aliyasoma yote matatu na kuyatofautisha. Nilipopita safari iliyofuata, mwalimu hakusubiri nimsalimie. Alinishika mkono akaniambia nikamsikilize mtoto huyo. Wiki hiyo alikuwa ameongeza dakika kumi kuwa ishirini, na hakuna aliyemwambia aongeze.

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Thomas Guskey, aliandika kwamba watu wengi wanaopanga mafunzo ya walimu wanaanza mwisho. Wanadhani wakiibadili kwanza imani ya mwalimu, matendo yatafuata. Yeye alisema mpangilio ni mwingine: mwalimu anajaribu, anawaona wanafunzi wake wakifanya vizuri kuliko kabla, ndipo imani inabadilika. Namkubali kwa sababu nimeona. Hotuba za kuwahamasisha walimu waipende mbinu mpya, ambazo hula asubuhi nzima ya siku ya kwanza ya semina, naona ni muda uliopotea. Mwalimu atawaamini watoto wake.

Tatizo ni kwamba kati ya kujaribu na kuona matunda kuna kipindi kibaya. Watoto hawajaizoea mbinu, mwalimu mwenyewe anababaika, muda haumtoshi. Kipindi hicho kinaweza kuwa majuma kadhaa, na ndicho kipindi ambacho semina imekwisha, wawezeshaji wamerudi makwao na gari la wilaya limekwenda kwenye shughuli nyingine.

Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa namna ninayoiona safi. Katika mkoa wa North West, mwaka 2015 na 2016, shule zinazofundisha kusoma kwa Kisetswana ziligawanywa kwa bahati nasibu. Shule 50 zilipata maandalio ya masomo yaliyokwisha kuandikwa, vitabu, na semina za pamoja ambako walimu walikusanyika kwa siku chache. Shule nyingine 50 zilipata maandalio yaleyale na vitabu vilevile, lakini badala ya semina mwalimu alitembelewa darasani kwake na mtaalamu wa kusoma, karibu kila mwezi. Baada ya miaka miwili watoto wa makundi yote mawili walikuwa mbele ya watoto wa shule ambazo hazikupata kitu. Lakini mafanikio ya shule zilizotembelewa yalikuwa mara mbili ya yale ya shule za semina. Vifaa vilevile, masomo yaleyale. Kilichotofautiana ni kama kuna mtu anayekuja.

Kenya walilifanya nchi nzima kupitia Tusome, programu ya kufundisha kusoma iliyoanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma. Kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo wa somo kwa somo, na maafisa wa mtaala wa ngazi ya chini, ambao zamani walizama zaidi kwenye kazi za ofisi, wakapewa vishikwambi na jukumu la kukaa ndani ya vipindi. Afisa anaangalia somo, anawasikiliza watoto wachache wakisoma, anazungumza na mwalimu papo hapo. Kipengele ninachokipenda kuliko vyote katika mpango ule ni cha pesa: nauli ya afisa ilirejeshwa kulingana na ziara alizofanya kweli, na kishikwambi kilionyesha alikuwa wapi. Fedha ilimfuata anayekwenda darasani.

Kwetu, kwa muda mrefu, fedha imemfuata anayekaa ukumbini. Nalisema hili bila kumlaumu mwalimu anayetegemea posho. Mshahara wake tunaujua. Lakini bajeti ikiwa na kifungu cha ukumbi, chai, chakula, malazi na posho, na isiwe na kifungu cha mafuta ya pikipiki ya Afisa Elimu Kata, tumekwisha kuamua kitakachotokea. Maafisa Elimu Kata walipewa pikipiki. Ni jambo zuri sana lililofanyika, na nimeona tofauti yake. Pikipiki isiyo na mafuta, au inayotumika kukusanya takwimu na kupeleka barua, haimsaidii mwalimu wa darasa la pili kufundisha hesabu za kutoa.

Hata mafuta yakiwepo, ziara yenyewe inaweza kuharibika. Ukaguzi umeacha alama katika miili ya walimu wetu. Jina lilibadilishwa, leo tunasema Uthibiti Ubora wa Shule, na wapo wathibiti ubora ninaowaheshimu kwa namna wanavyozungumza na walimu. Lakini mgeni akiingia na fomu, akakaa nyuma akiandika, mwalimu hufundisha somo la wageni: somo ambalo watoto wamekwisha kulisoma, majibu wanayajua, mikono inanyooka yote. Katika somo la namna hiyo huwezi kumsaidia mtu, kwa sababu shida yenyewe imefichwa. Ndiyo maana naingia mikono mitupu. Daftari linabaki kwenye begi mpaka tukae, na ninachoandika nakiandika mbele yake, kwa maneno tuliyokubaliana, na karatasi inabaki kwake. Taarifa ya mwalimu kwa mwajiri na msaada kwa mwalimu visiwe kazi ya mtu mmoja siku moja. Pale vinapochanganywa, msaada ndio unaokufa.

Kuna wanaosema hatuna watu wa kutosha kuzunguka shule zote. Ni kweli, na ndiyo sababu nchi nyingi zilikimbilia mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wachache wanafundishwa taifani, wao wanafundisha wa mkoa, wa mkoa wanafundisha wa wilaya, mpaka kumfikia mwalimu. Ni kama birika la chai linaloongezwa maji kila mgeni anapoingia. Wa mwisho anapewa kikombe chenye joto lakini majani hayapo. Mwalimu wa mwisho katika mnyororo huo anafundishwa "vikundi" na mtu ambaye hajawahi kuviendesha vikundi katika darasa la watoto mia.

Naamini zaidi walimu wenyewe kwa wenyewe. Wajapani wana utaratibu wa zaidi ya miaka mia, wanaouita jugyo kenkyu: walimu wa shule moja wanaliandaa somo moja pamoja, mmoja wao analifundisha, wengine wanasimama ukutani wakiwaangalia wanafunzi, na baadaye wanakaa kulijadili somo hilo kama somo lao wote. Mawazo ya jinsi hiyo yalifika Afrika Mashariki kupitia SMASSE, mradi wa Kenya na Japani uliozinduliwa mwaka 1998 kwa ajili ya hisabati na sayansi za sekondari, ukianza na wilaya 9. Nao ulitumia ngazi za mafunzo, lakini ulikazia mambo ambayo yanamgusa mwalimu wa kawaida: somo liwe na shughuli ya mwanafunzi, jaribio lifanyike hata kama maabara haina vifaa, na mwalimu apange, afundishe, atazame kilichotokea, arekebishe.

Tanzania sasa tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye Jumuiya za Ujifunzaji ndani ya kila shule. Walimu wanapangiwa muda wa kukutana, wanachagua tatizo, wanalifanyia kazi. Kwenye karatasi ndilo jambo bora zaidi tulilowahi kuwa nalo kwa walimu walioko kazini, na baadhi ya shule ninazozifahamu linafanya kazi hivyohivyo. Kwingine jumuiya imegeuka kikao cha kusomeana moduli, mtu mmoja anasoma, wengine wanasahihisha madaftari, mahudhurio yanasainiwa. Tofauti kati ya shule hizo mbili nimeiona katika jambo moja: je, mazungumzo yameanzia kwenye daftari la mtoto? Jumuiya ikianza kwa kuweka mezani madaftari ya watoto wanaokosea, hakuna anayesinzia.

Na watoto nao lazima wafundishwe mbinu. Hili tunalisahau. Mwalimu anaambiwa atumie mazungumzo ya wawili wawili, anasema "jadilianeni", na chumba kinalipuka. Watoto hawajui kinachotakiwa. Katika darasa kubwa mimi huanza bila somo lolote: kila dawati wapo wa upande wa dirisha na wa upande wa mlango, wa dirisha atamwambia wa mlango jina la mnyama anayempenda, kisha wabadilishane, nikiinua mkono, kila mmoja anainua mkono na kunyamaza. Tunafanya hivyo kila siku, dakika chache, mpaka kunyamaza kuwe kwepesi. Ndipo swali la hisabati linaingia. Mwalimu aliyetangulia kulijenga hili anaweza kupata sauti ya kila mtoto katika darasa la mia bila kuhamisha dawati hata moja, wakati vikundi vya duara vya kwenye moduli vinahitaji chumba ambacho hana.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na semina zake zinaendelea. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vinafaa sana kwa kujirekodi ukifundisha kisha kujitazama na mwenzako unayemwamini. Wapangaji wa mafunzo haya nawaomba wapunguze siku moja ya ukumbini na kuandika katika bajeti ileile jina la atakayerudi kwa kila mwalimu, atarudi lini, na atafika kwa usafiri gani. Na mwalimu akirudi shuleni, abebe jambo moja la kujaribu, si kumi na mawili. Na barua imfikie Mwalimu Mkuu ikisema wazi kwamba muhula huu mwalimu huyu anaruhusiwa kuwa nyuma ya azimio.

Sisi, walimu wa shule mbili jirani, tunakutana Alhamisi baada ya vipindi. Jambo lililo mezani ni kutoa katika darasa la pili. Tumekusanya madaftari, na kosa ni lilelile ukurasa baada ya ukurasa: 52 kutoa 37, mtoto anaandika 25. Anaona 2 haitoshi kutoa 7, basi anageuza, anatoa 2 kutoka 7, na hesabu inaendelea bila wasiwasi. Mwalimu mmoja anataka tuanze na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, mtoto afungue fungu kwa mkono wake ndipo aone makumi yanavunjika kuwa mamoja. Mwingine anasema watoto wake walikwisha kufungua mafungu mwaka jana na bado wanaandika 25, kwa hiyo shida iko pale wanapohama kutoka vijiti kwenda daftarini. Tumekubaliana mmoja afundishe kwa vijiti Jumatatu, sisi wengine tuwatazame watoto wa dawati la mbele na la nyuma wakati wanapoviacha vijiti na kushika penseli.